Kompyuta Haionekani, Lakini Ipo: Kutafuta Tatizo Kati ya Sabneti Mbili

Mara hii tunaleta mada kutoka chumba cha kompyuta, kwa sababu imekuwa ikiulizwa sana na wanaseminari wenzetu na pia na makatibu wa parokia tunakokwenda kwa kazi za kichungaji. Swali lenyewe huja hivi: "Intaneti ipo, barua pepe zinaingia, lakini kompyuta ya jengo la pili haionekani tena. Imeharibika?"

Jibu fupi ni kwamba mara nyingi haijaharibika. Kompyuta inaweza kuwa nzima, imewashwa na mafaili yake yote yako salama, lakini isionekane kwa sababu iko kwenye sabneti nyingine. Katika makala hii tutaeleza sabneti ni nini, kwa nini kompyuta huonana zikiwa ndani ya sabneti moja na kupoteana zikitenganishwa, na hatua za kufuata moja baada ya nyingine mpaka ijulikane tatizo liko wapi. Mifano yetu ni ya Windows, kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye kompyuta nyingi za ofisi zetu.

Kwa nini jambo hili si dogo

Parokia moja tunayohudumu mwisho wa juma iliingiza orodha ya rejesta zake za ubatizo kwenye faili moja, likakaa katika kompyuta ya ofisi ya paroko. Katibu alikuwa akilifungua akiwa ofisini kwake, ng'ambo ya ua, upande wa ukumbi. Baadaye ukumbini ikawekwa ruta mpya ili Wi-Fi ifike vizuri. Tangu siku hiyo kompyuta ya paroko haikuonekana tena kwa katibu. Kwa kuwa kazi haiwezi kusimama, faili likaanza kubebwa kwa flashi. Baada ya majuma machache kulikuwa na nakala tatu: moja kwa paroko, moja kwa katibu, na moja kwenye flashi yenyewe. Kila moja ilikuwa na kitu ambacho nyingine haina.

Anayejua kazi ya rejesta ataona hatari mara moja. Cheti cha ubatizo kinachotolewa kwa ajili ya ndoa hakisemi tu kwamba mtu alibatizwa. Kinabeba pia maandishi ya pembeni, yaani kipaimara, ndoa kama ilishafungwa, na kadhalika. Nakala isiyo na maandishi hayo inaweza kumtaja mtu kuwa huru kufunga ndoa wakati kitabu kinasema vingine. Mchumba mmoja alikuja kuomba cheti chake, katibu akaona kwamba nakala zinapingana, akamwambia, "Dada, naomba uvumilie, mpaka tufungue kitabu chenyewe." Alifanya vema. Kitabu kipo kabatini na ndicho chenye neno la mwisho. Lakini chanzo cha usumbufu wote ule kilikuwa waya mmoja tu, kama tutakavyoona.

Sabneti ni nini

Kila kompyuta kwenye mtandao ina anwani ya IP, kwa mfano 192.168.1.20. Pamoja na anwani hiyo huwekwa namba nyingine, sabneti maski, ambayo mara nyingi ni 255.255.255.0. Kazi ya maski ni kuonyesha sehemu ipi ya anwani ni mtaa na sehemu ipi ni namba ya nyumba. Katika mfano huu, 192.168.1 ni mtaa, na 20 ni nyumba. Mtaa wa namna hii una nafasi 254 za kompyuta. Kompyuta yenye anwani 192.168.2.20 ni ya mtaa mwingine, hata kama meza zake zimepakana. Mtaa huo ndio tunaouita sabneti.

Ndani ya mtaa mmoja, kompyuta inaweza kupiga mbiu, yaani kutuma ujumbe mmoja unaowafikia wote kwa pamoja. Inauliza, "Nani anaitwa MAKTABA?" Kompyuta yenye jina hilo ikisikia hujibu, "Ni mimi, anwani yangu ni hii." Waswahili husema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, lakini mbiu ina mwisho wa kusikika. Mwisho wake kwenye mtandao ni ruta, chombo kinachosimama mpakani mwa mitaa. Ruta huvusha barua yenye anwani kamili; mbiu haivushi. Imetengenezwa hivyo kwa makusudi, kwani kama kila mbiu ingevushwa, kelele za kompyuta za dunia nzima zingetufikia na mtandao usingefaa kwa lolote.

Shida yetu inaanzia hapo. Ofisi nyingi ndogo hazijawahi kuweka utaratibu wowote wa majina. Zimeishi kwa mbiu bila kujua, na mambo yakaenda vizuri kwa miaka. Siku mtandao unapogawanywa, mbiu haifiki, na watu wanadhani kompyuta imekufa.

Orodha ile hutoka wapi

Ukifungua sehemu iliyoandikwa "Network" kwenye Windows, unaona orodha ya kompyuta. Wengi wetu huichukulia orodha hiyo kama hesabu kamili ya vilivyopo. Sivyo.

Zamani, enzi za Windows 95 na Windows NT, orodha ilitegemea NetBIOS, utaratibu uliobuniwa mwaka 1983 kwa ajili ya mitandao midogo ya ofisi. Katika kila sabneti kompyuta zilichagua moja kati yao kuwa mtunza orodha. Nyingine zilijitangaza kwake kila baada ya dakika 12, na isiyosikika mara tatu mfululizo ilifutwa. Kwa hiyo kompyuta iliyozimwa ghafla ingeweza kubaki kwenye orodha kwa zaidi ya nusu saa, na iliyowashwa sasa hivi ingeweza kukawia kuonekana. Ili orodha ivuke sabneti ilihitajika seva ya kutunza majina iitwayo WINS, pamoja na utaratibu wa domeni. Ofisi ndogo hazikuwa na vitu hivyo, na leo Microsoft yenyewe imeshaacha kuiendeleza WINS.

Kuanzia Windows 10 toleo la 1709, la mwaka 2017, itifaki ya zamani ya kushirikisha mafaili, SMB1, haiwekwi tena yenyewe Windows inaposakinishwa upya, na mtunza orodha wa zamani ameondoka nayo. Siku hizi kompyuta hujitangaza kwa utaratibu mwingine uitwao WS-Discovery. Nao pia, kwa mazingira ya kawaida, huishia ndani ya sabneti.

Katika somo la mantiki tunafundishwa kutojenga hoja juu ya kutojua: kwamba hatukioni kitu, basi hakipo. Orodha ya "Network" inatujaribu tufanye kosa hilohilo. Jina likiwemo ni ushahidi kwamba kompyuta ilisikika. Lisipokuwemo, hatujathibitisha lolote bado.

Maswali manne kwa mpangilio

Badala ya kuuliza "kwa nini haionekani", tunashauri kuuliza maswali manne, moja baada ya jingine, bila kuruka.

Swali la kwanza: Je, kuna njia? Nenda kwenye kompyuta unayoitafuta, fungua dirisha la amri, andika ipconfig, kisha nakili anwani yake, maski yake, na lango lake, ambalo kwenye skrini limeandikwa "Default Gateway". Ukiona anwani inayoanza na 169.254, kompyuta hiyo haijapewa anwani na ruta. Shughulikia hilo kwanza. Kisha rudi kwenye kompyuta yako, fanya vilevile, na linganisha. Mitaa ikitofautiana, umeshajua kuwa ni suala la sabneti mbili.

Sasa andika ping na anwani ile, kwa mfano ping 192.168.1.20. Ikijibu, njia ipo. Isipojibu, usihukumu haraka, kwa maana Windows mara nyingi hukataa ping inayotoka nje ya mtaa wake hata kama njia ni nzima. Kipimo bora zaidi ni kufungua PowerShell na kuandika Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445. Namba 445 ndiyo mlango wa kushirikisha mafaili. Mstari wa mwisho ukisema "True", njia ipo na mlango uko wazi.

Hapa kuna mtego unaowapata wengi: njia ya kwenda si lazima iwe na njia ya kurudi. Kompyuta isiyo na lango inaweza kupokea swali kutoka mtaa wa pili ikashindwa kujibu, kwa sababu haijui jibu lipitie wapi. Vivyo hivyo kompyuta yenye maski ya 255.255.0.0 itadhani mitaa yote ya 192.168 ni mtaa wake, itapiga mbiu kumtafuta jirani ambaye si jirani, na haitajibiwa.

Swali la pili: Je, jina linajulikana? Njia ikiwepo, fungua folda kwa anwani, ukiandika \\192.168.1.20 kwenye sehemu ya juu ya dirisha la mafaili. Ikifunguka kwa anwani lakini \\MAKTABA ikagoma, tatizo ni jina tu. Hapo tumia amri mbili. Amri ya nslookup MAKTABA huuliza seva ya majina, yaani DNS, peke yake. Amri ya ping MAKTABA hutumia njia zote: faili la hosts la kompyuta yako, DNS, na mbiu ya mtaani. Ukilinganisha majibu utajua jina linatoka wapi, au linakosekana wapi.

Sababu ya kawaida sana ni kompyuta kuelekezwa kwenye seva ya majina ya nje, kama 8.8.8.8 ya Google. Seva hiyo inajua tovuti za dunia nzima, lakini haiwezi kujua kwamba kwenu kuna kompyuta iitwayo MAKTABA. Wengine huweka seva ya ndani kwanza na 8.8.8.8 ya pili, wakidhani ni akiba. Matokeo yake ni jina kupatikana leo na kupotea kesho, kwa sababu Windows ikishahamia kwa ile ya pili inaweza kukaa huko kwa muda. Kompyuta zote za ndani ziulize seva ya ndani. Hiyo ya ndani ndiyo ipeleke nje maswali ya nje.

Swali la tatu: Je, ruhusa ipo? Ukiona Windows inadai nenosiri, au inasema umekataliwa kuingia, furahi: umefika mlangoni. Njia ipo na jina linajulikana. Kilichobaki ni akaunti na ruhusa za folda. Baadhi ya matoleo mapya ya Windows hayakubali tena folda inayofunguliwa na mgeni asiye na nenosiri, hivyo tengeneza akaunti yenye nenosiri kwenye kompyuta yenye mafaili.

Swali la nne, na la mwisho: Je, iko kwenye orodha? Tumeliweka mwisho kwa sababu maswali matatu ya kwanza yakijibiwa vema, orodha haina umuhimu mkubwa. Unaweza kutengeneza njia ya mkato kwenye skrini kwa kutumia jina au anwani, na kazi ikaendelea bila kuvinjari orodha yoyote.

Mifano miwili, tiba mbili

Parokiani, ipconfig ilionyesha kwamba kompyuta ya paroko iko 192.168.1, na ya katibu iko 192.168.0. Waya kutoka nyumba ya mapadre ulikuwa umechomekwa kwenye tundu la WAN la ruta mpya ya ukumbini. Tundu hilo huifanya ruta ianzishe mtaa wake yenyewe nyuma ya ukuta wake. Sabneti ya pili ilizaliwa bila mtu yeyote kuikusudia. Tulipoandika anwani ya kompyuta ya paroko kutoka kwa katibu, folda ilifunguka papo hapo. Haikuwa imekufa hata siku moja.

Kwa hali kama hiyo hakuna haja ya seva wala ya kununua kitu. Mtaa ambao haukukusudiwa unafutwa: ruta mpya inapewa anwani isiyotumika ya mtaa wa kwanza, huduma yake ya kugawa anwani inazimwa, na waya unahamishwa kutoka tundu la WAN kwenda tundu la LAN. Ruta inabaki kuwa kituo cha Wi-Fi tu. Mbiu ikasikika tena, na kompyuta zikaonana. Kazi hiyo haikumaliza nusu saa. Kazi ya kulinganisha nakala tatu na kitabu cha rejesta, mstari kwa mstari, ilichukua Jumamosi tatu.

Seminarini hali ni tofauti. Mtandao wetu uligawanywa kwa makusudi: ofisi na maktaba upande mmoja, mabweni na madarasa upande mwingine, ili simu na kompyuta za watu binafsi zisichanganyike na za ofisi. Mgawanyo wa namna hiyo ni wa busara na haufai kufutwa kwa ajili ya urahisi. Hapa tiba ni kujenga njia na majina. Kompyuta ya maktaba ilikuwa na anwani iliyowekwa kwa mkono kabla ya mgawanyo, haina lango, ikapewa lango. Faiawoli yake, yaani mlinzi wa ndani wa Windows, ilikuwa ikiruhusu mafaili kwa mtaa wake peke yake. Tukafungua kanuni ya "File and Printer Sharing" inayohusu SMB na kuongeza sabneti ya madarasa, 192.168.2.0/24, bila kugusa kanuni nyingine. Mwisho, kwenye ruta, ambayo pia ndiyo seva yetu ya majina, anwani ya maktaba ikawekwa ya kudumu na jina lake likaandikwa.

Ofisi isiyo na seva ya majina ya ndani inaweza kutumia faili la hosts, lililo C:\Windows\System32\drivers\etc. Fungua Notepad kwa mamlaka ya msimamizi, andika mstari mmoja kama 192.168.1.20 maktaba, hifadhi, kisha andika ipconfig /flushdns ili kumbukumbu ya zamani ifutike. Kwa kompyuta mbili au tatu inatosha. Kwa kompyuta thelathini utachoka, na anwani ikibadilika mistari yote itakuwa ya uongo. Intaneti nzima ilipitia hapo: miaka ya 1970 majina yote yaliandikwa kwenye faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa na kituo kimoja huko California kilichoongozwa na Elizabeth Feinler, na kila mahali walilazimika kulinakili. Kompyuta zilipoongezeka nakala zikawa hazilingani. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni DNS, ambamo kila eneo hutunza majina yake na kujibu likiulizwa. Ni shida ileile ya flashi ya parokiani, kwa kiwango cha dunia.

Ushauri wa kukataa

Mtu akikushauri kuzima faiawoli yote "ili kompyuta zionane", mwache aizime kwa dakika moja ya kupima kama ni lazima, kisha iwashwe. Kuiacha imezimwa si tiba. Na mtu akikushauri kurudisha SMB1 ili orodha ya zamani irudi, kataa kabisa. Tarehe 12 Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilisambaa duniani kupitia udhaifu katika SMB1, ikafunga mafaili na kudai fedha. Hospitali za umma za Uingereza zilikuwa miongoni mwa walioathirika, zikalazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Microsoft ilikuwa imetoa rekebisho tangu Machi mwaka huo, lakini kompyuta nyingi hazikuwa zimelipata. Ofisi yenye rejesta za watu haina sababu ya kufungua mlango huo kwa ajili ya kuona majina kwenye orodha.

Mambo ya kufanya juma hili

Chukueni karatasi moja na mwandike safu tano: jina la kompyuta, anwani yake, maski, lango, na chumba ilipo. Ongezeni printa na ruta, na kwa kila ruta andikeni waya umeingia tundu lipi. Ibandikeni ndani ya mlango wa kabati la ofisi, na anayebadilisha chochote aandike tarehe. Kwa parokia yenye kompyuta tano hiyo ni kazi ya asubuhi moja.

Pia chagueni kompyuta moja ambamo faili la rejesta litakaa, na nakala ya tahadhari iwekwe penye diski ya nje bila kuhaririwa. Kama kwa sasa kuna flashi inayozunguka kati ya ofisi mbili, simamisheni kwanza uandishi kwenye nakala zote isipokuwa moja, ndipo mwanze kutafuta tatizo la mtandao. Aliye na swali lililokwama kwenye mojawapo ya maswali manne atuandikie kupitia ofisi ya gazeti, akitaja anwani za kompyuta zote mbili na ujumbe uliotokea kwenye skrini kama ulivyo.